"Umekongoroka, unaumwa?" Historia ya kilo zetu hapa Dar

SEHEMU YA 1

Nimetoka zamu, miguu imevimba, nimeshajimwagia maji na kikombe cha chai kipo pembeni. Bila sukari, mnanijua.

Kuna swali mnaniuliza kila wiki kwa maneno tofauti. Mmoja anasema, "Sista, nilipungua kilo sita, zimerudi nane." Mwingine, "Nesi, mimi sina nidhamu, nimeshindwa." Juzi dada mmoja wa Kinondoni kaniambia mizani yake kaitupa uvunguni, hataki hata kuiona. Kila mtu anajilaumu mwenyewe. Sijapata hata mmoja aliyeilaumu historia. Basi leo nitailaumu mimi kwa niaba yenu, halafu mwishoni tuone tunabaki na nini mkononi. Ni ndefu, nimeigawa vipande, soma kwa nafasi yako.

Nianze na mama mmoja wa huku kwetu Mbagala. Simtaji, na mambo mawili matatu nimeyabadilisha ili asijulikane. Januari alikuja na kilo 96 na presha 170 kwa 105. Daktari akamwanzishia dawa, akamwambia na uzito upungue. Hakufanya mambo ya ajabu. Aliacha soda, akapunguza mafuta kwenye mboga, akawa anashuka kituo kimoja kabla ya kwake na kumalizia kwa miguu. Katikati ya Mei mizani ilisoma 88, presha 142 kwa 88. Siku hiyo tulipiga vigelegele mpaka watu wa dirisha la dawa wakauliza kuna harusi gani.

Juni akaenda msibani. Wifi yake alipomwona tu, mbele za watu: "Heh! Wifi, mbona umekongoroka hivyo? Kaka yangu hakulishi? Au unaumwa hutaki kusema?"

Jioni ile mama mkwe akamwita mwanawe pembeni. Waliporudi Dar, jirani akamnong'oneza kuhusu kituo kizuri cha kupima, "mbali na hapa, hawakujui." Mume naye akaanza kumtazama kwa jicho la kuuliza. Mama yetu akaanza kula. Usiku, akisimama jikoni, ubwabwa wa baridi kutoka kwenye sufuria. Septemba alikuwa na kilo 97, moja zaidi ya alizoanza nazo.

Na hapa ndipo penye uchungu wangu mimi kama muuguzi: akaacha kuja kliniki. Dawa za presha nazo akaacha, kwa sababu alijua akija kuchukua dawa atapandishwa kwanza kwenye mizani. Yaani aibu ya kilo moja ikataka kumuua kwa kiharusi.

SEHEMU YA 2

Tuisikilize lugha yetu kwanza. Mtu akinenepa tunamwambia umenawiri, umependeza, ndoa imekukubali, mji umekupokea. Akipungua: umekongoroka, umechakaa, umepauka, umebaki mifupa. Na mtu akiwa na huzuni tunamfariji vipi? "Usikonde." Neno la kuondoa wasiwasi kwa Kiswahili ni kumwambia mtu asipungue! Lugha haikuamka tu siku moja ikaamua hivyo. Imejifunza kwa watu waliokuwa na sababu.

Waulize wazee wako kuhusu mahindi ya njano. Mvua zilipokatika mwaka 1973 na 1974, wakati huohuo watu wakihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, mavuno yalianguka na serikali ikalazimika kuagiza nafaka nje. Ndiyo ule unga tuliouita yanga. Mama yangu mpaka leo hapendi ugali wenye rangi, hata ukimwambia una vitamini.

Mwaka 1973 huohuo sheria ya kuanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe ilipitishwa, na mwaka 1975 ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai, baada ya ile ya Mtu ni Afya ya 1973 ambayo watu walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio. Soma lile jina taratibu: chakula ni uhai. Shida ya taifa ilikuwa watu wapate cha kutosha na watoto waache kufa kwa utapiamlo. Walifanya sawa kabisa. Ila ndiyo somo tulilorithi, kwamba mwili ukijaa, uhai umejaa.

Halafu vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Baada ya vita Mwalimu akawaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi 18 ikapita, mkanda haukulegea. Mwanzoni mwa miaka ya 80 sukari ni foleni, sabuni ni foleni, mchele na mafuta ya kula vivyo hivyo. Mama anasimulia alivyoamka saa tisa usiku kwenda kupanga jiwe kwenye foleni ya duka la RTC. Ndiyo, jiwe. Unaweka jiwe lako kwenye mstari, unarudi kulala kidogo, asubuhi unalifuata. Na siku nyingine sukari inaisha mawe matatu kabla ya lako.

Sasa mtu wa namna hiyo, mwaka 1984 bidhaa zinaanza kuruhusiwa kuingia, 1985 anaingia Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa, maduka yanajaa. Unategemea atamlea mwanawe vipi? Mama alitulea kwa kijiko cha pili cha mafuta. Sahani haikuondoka mezani mpaka imalizike. Mgeni akija akala kidogo, nyumba nzima inakosa amani. Mimi simlaumu. Ila ujue, unapomwambia mama yako "nimeshiba" huku sahani ina chakula, unaongea na mtu aliyewahi kupanga jiwe.

SEHEMU YA 3

Hii ndiyo sehemu nzito, na ndiyo jibu la yule wifi.

Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi hapa nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Ng'ambo ya mpaka, Waganda wa Rakai na Masaka waliuita Slim, yaani wembamba. Kagera wakauita Juliana, jina la mashati yaliyokuwa yanavaliwa na vijana wenye pesa za magendo. Kufikia 1986 kila mkoa wa Bara ulikuwa umeshatoa taarifa ya wagonjwa. Ulipofika Dar tukaupa majina yetu: ngoma, umeme, amekanyaga waya.

Vipimo vilikuwa vichache na dawa hazikuwepo. Kwa hiyo mtaa ukawa maabara. Watu walipimana kwa macho, na kipimo kilikuwa kimoja tu: fulani amepungua?

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi Tandika miaka ya 90. Tulikuwa na jirani fundi cherehani, mtu wa utani sana. Akaanza kupungua. Watu wazima walijua kabla yetu sisi watoto. Mimi nilichokiona ni kwamba alianza kuvaa mashati mawili, moja juu ya jingine, kwenye joto la Dar la Januari. Na usiku cherehani yake ililia wakati hakuna mteja aliyeleta kitambaa. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima: alikuwa anapunguza suruali zake mwenyewe zimkae, ili asubuhi tusione kwamba zinampwaya. Wateja wakaacha kuja hata hivyo. Sijui hasa aliugua nini. Kifua kikuu nacho hukondesha, kisukari nacho hukondesha. Mtaa haukusubiri jibu.

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure kwenye hospitali zetu mwaka 2004. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 20 ambayo kupungua mwili katika nchi hii kulimaanisha jambo moja. Mwanamke aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1990 leo ana zaidi ya 50. Ndiye mama mkwe. Ndiye shangazi. Ndiye anayekuangalia msibani.

Kwa hiyo wifi aliposema "umekongoroka, unaumwa?" sikuona ubaya mtupu. Niliona mtu aliyezika watu.

Na kuna mzunguko ambao kama si kazi hii nisingeuona. Kwenye kliniki za CTC leo kuna akina mama waliokuja miaka ile wamebebwa, kilo 38, kilo 40. Dawa zikawainua. Tangu 2019 wengi wapo kwenye dawa mpya yenye dolutegravir, nzuri sana kwa kufubaza virusi, ila tafiti zimeonyesha baadhi ya watu wanaongezeka uzito wakiitumia, hasa wanawake. Sasa tunakaa nao tukiongea habari ya presha na unene. Mmoja aliniangalia akacheka mpaka machozi: "Sista, ninyi si ndio mlinisherehekea nilipofika kilo 50?" Nikakosa la kusema, nikacheka naye. (Kama ni wewe unasoma hapa, dawa usiache kwa sababu ya kilo. Njoo tuongee, kuna njia.)

Neno moja la kikazi kabla hatujaendelea. Ukipungua bila kutafuta kupungua, hujabadili chakula, hujabadili kazi, nguo tu zinapwaya, njoo upime. Ukikohoa wiki mbili, ukikojoa sana na kiu haikatiki, njoo upime. Hapo wifi yuko sahihi.

Lakini kama unapunguza kwa makusudi, andaa jibu mapema kabla kilo ya tatu haijaondoka, maana swali litakuja tu. Mimi huwa nafanya nao mazoezi ya jibu hapohapo kliniki. Wengine hujibu, "Daktari kaniambia nipunguze, presha inanisumbua." Mmoja wa Keko anajibu, "Nimepima vyote, unataka nikuonyeshe karatasi?" Huyo ni mkali, simpendekezi kwa kila mtu. Na kama una mume, mwambie mwanzoni, aende na wewe siku moja aone presha inavyopimwa. Mama yetu wa Mbagala hakumwambia mume wake chochote. Mume aliona tu mke anapungua na kutoka kutembea jioni. Mnajua mwanaume atawaza nini hapo.

SEHEMU YA 4

Jana sikuwaandikia, nilikuwa zamu ya usiku. Na zamu ya usiku ndiyo ilinipa mimi kilo zangu 11, kwa hiyo msidhani naongea nikiwa juu ya mti.

Tuongee kuhusu mji wenyewe. Sensa ya 1967 ilikuta Dar ina watu kama 272,000. Ya 2012 ikakuta milioni 4.36, na ya 2022 milioni 5.38. Wengi wetu au wazazi wetu tumekuja na mabasi kutoka mikoani. Kuna watafiti waliofanya kitu kizuri sana: waliwatafuta watu wa Morogoro Vijijini waliokuwa wanajiandaa kuhamia Dar, wakawapima kabla hawajaondoka, kisha wakawafuata huku mjini na kuwapima tena. Watu 209, utafiti ukachapishwa mwaka 2010. Baada ya miezi 12 tu ya kuishi Dar, wanaume walikuwa wameongezeka wastani wa zaidi ya kilo 2, na wanawake vilevile. Kule kijijini karibu wanaume 8 kati ya 10 walikuwa wanafanya kazi nzito za mwili. Mwaka mmoja baadaye walibaki kama robo.

Hawakuwa wamekuwa wavivu. Jembe lilibaki Morogoro, basi.

Na mji wenyewe ulipunguza miguu yetu hatua kwa hatua. Enzi za UDA, shirika lililoanza 1974, mabasi hayakutosha. Ukikosa Ikarusi la asubuhi unakanyaga lami kutoka Temeke mpaka Kariakoo, na wengi walikanyaga. Mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi yakaruhusiwa, nauli shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala, na jina likaganda: daladala. Hata hivyo bado ulitembea kutoka kituoni hadi nyumbani. Halafu zikaja bajaji na bodaboda, zikakufikisha mlangoni kwako. Zile dakika 20 za jioni zikaondoka na hakuna aliyezililia. Mimi mwenyewe nikichoka napanda boda, mvua ikinyesha napanda boda, na nikiwa na mfuko wa nyanya napanda boda.

Chakula nacho kikasogea barabarani. Asubuhi chapati mbili na supu, saa nne maandazi na soda, jioni foleni ya Mbagala imekuchosha, banda la chipsi liko pale linang'aa taa, "zege moja, dada?" Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina nguvu ya kalori kama 120, na chipsi mayai haitumii kijiko kimoja, umemwona mkaangaji anavyomimina.

Matokeo yako kwenye vitabu vya kliniki. Kwenye kliniki za wajawazito hapa Dar, watafiti waliangalia rekodi za wanawake zaidi ya 73,000 kuanzia 1995 hadi 2004. Wenye unene uliopitiliza walikuwa asilimia 3.6 mwanzoni, wakafika 9.1 mwishoni. Chini ya miaka kumi! Kisha Kinondoni, 2007 hadi 2008, walipimwa watu wazima 1,249: karibu mmoja kati ya watano alikuwa na unene uliopitiliza, na kwa wanawake ni mmoja kati ya wanne, wakati wanaume walikuwa asilimia 9.

Robo ya wanawake wa Kinondoni hawakukosa nidhamu wote kwa pamoja wiki moja. Ndiyo maana mtu akiniambia "mimi ni mvivu" huwa namuuliza anaishi wapi, anatoka saa ngapi, anarudi saa ngapi, anakula wapi mchana. Nikishapata majibu, uvivu huwa siuoni.

Kuna watu wanapambana, lazima niseme. Jumapili alfajiri ukipita Temeke utakutana na vikundi vya jogging, fulana za rangi moja, nyimbo za mchakamchaka kama tulizoimba shuleni, kinamama wenye miili yao katikati wanakimbia na kucheka. Desemba 2016 Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi, ikapangwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Nilienda mara mbili. Mara ya tatu nilikuwa zamu, ya nne nilikuwa nimelala. Ndivyo ilivyo. Lakini kikundi cha mtaani kina kitu ambacho kampeni haina: usipoonekana Jumapili mbili, mtu anakuja kukugongea.

SEHEMU YA 5

Sasa nawapeleka mbali kidogo, Marekani, kwa sababu kuna kitu kuhusu mwili wenyewe ambacho wenzetu walikipima na sisi kinatuhusu sawasawa.

Mwishoni mwa 1944, Vita Kuu ya Pili ikiendelea, mtaalamu mmoja anaitwa Ancel Keys alichukua vijana 36 wenye afya pale Chuo Kikuu cha Minnesota. Walikuwa wamekataa kwenda vitani kwa sababu za dhamiri, wakajitolea kwa utafiti huu badala yake. Ulaya ilikuwa na njaa, na watu walitaka kujua namna ya kuwalisha watu waliokonda. Kwa wiki 24 vijana wale walipewa kama nusu ya chakula walichozoea, na kila wiki walitembea kilomita 35. Walipoteza kama robo ya uzito wao.

Kilichonigusa mimi si kilo. Ni tabia. Vijana wenye akili timamu wakaanza kuota chakula. Wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Wakalamba sahani. Wakawa wakali, wenye huzuni, hawataki kuongea na watu. Na chakula kiliporuhusiwa, wengine walikula mpaka wakaumwa na bado wakasema wana njaa. Mafuta ya mwili yakarudi haraka kuliko misuli, wengi wakapita uzito walioanza nao.

Umeuona ubwabwa wa usiku wa mama yetu? Nusu ya maneno ya wifi, nusu ya mwili wake.

Mwaka 2016 watafiti wengine kule kule waliwapima watu 14 waliowahi kupungua kilo nyingi sana kwenye shindano la televisheni. Miaka sita ilikuwa imepita. Wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito, na miili yao ilikuwa inaunguza kalori kama 500 kwa siku pungufu ya ilivyotegemewa kwa watu wa ukubwa wao. Miaka sita na mwili bado unabana matumizi! Mwili nao unapanga jiwe kwenye foleni. Haujui kwamba unataka kuvaa gauni la kicheni pati. Unajua tu kwamba chakula kilipungua, na ukikipata tena, utakiweka akiba.

Ndiyo maana siwapendi wanaouza chai za kupunguza kilo kumi kwa wiki mbili. Ukimnyima mwili kwa nguvu vile, umeuambia njaa ya yanga imerudi.

SEHEMU YA 6, ya mwisho

Mtaniuliza, sista, kama historia iko hivyo, mji uko hivyo na mwili uko hivyo, kwa nini tuhangaike? Si tule tu?

Nilijiuliza pia. Jibu nililipata kwenye utafiti mmoja ambao kila muuguzi wa kisukari anaujua, ila sehemu yake muhimu watu hawaisemi. Marekani hao hao, matokeo yalitoka 2002. Watu zaidi ya 3,000 waliokuwa kwenye hatari ya kupata kisukari. Kundi moja liliombwa lipunguze asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Kwa mtu wa kilo 96 hiyo ni kama kilo 6.7 tu. Likilinganishwa na kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa, waliopata kisukari kwenye kundi hili walipungua kwa asilimia 58.

Hiyo ndiyo sehemu inayosemwa. Hii ndiyo isiyosemwa: baada ya miezi sita, waliofikia lengo la kilo walikuwa nusu tu. Mwishoni walibaki asilimia 38. Wengi walishindwa lengo, na kundi zima bado lilipata faida ile.

Kisha wakawafuata mpaka kama miaka 10. Kilo zilikuwa zimerudi, si zote, lakini nyingi. Na bado, ukihesabu miaka yote ile, kundi hili lilikuwa na visukari vipya pungufu kwa asilimia 34. Nilipoisoma hiyo nilirudia mara mbili. Ile miezi ambayo mishipa ilipumzika, ile miaka ambayo kongosho halikusukumwa sana, haikufutwa siku mizani ilipopanda. Mizani inakuonyesha leo tu, haina kumbukumbu. Mwili unayo.

Nikamfuata mama yetu na habari hiyo. Sikwenda kwake, nisingemfedhehesha kwa majirani. Nilimpigia simu Oktoba, nikamwambia, "Mama, njoo uchukue dawa za presha. Mizani ukitaka utapanda, usipotaka hupandi." Kimya. Nikaongeza, "Nitakupima presha tu." Akasema atafikiria. Wiki mbili hakutokea. Ya tatu, Jumanne, nikamwona kwenye benchi, kajifunika mtandio mpaka usoni kama anayejificha mdai wa kikoba.

"Sista, usinigombeze."

"Sikugombezi. Lete mkono."

Presha 176 kwa 108. Alikuwa anaumwa kichwa tangu Idi, alidhani ni mawazo. Daktari akamrudisha kwenye dawa siku ileile. Nikamweleza ile habari ya Marekani kwa Kiswahili chetu, kwamba zile kilo nane za Januari hadi Mei hazikuwa kazi bure. Akanyamaza sana. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea: "Kwa hiyo wale nao zilirudi? Wazungu?" Nikamwambia zilirudi. Akacheka kidogo, mara ya kwanza siku hiyo. Halafu mwenyewe akavua viatu, akapanda. 98.

Tulichopanga ni kidogo mno, mtacheka. Dawa kila siku. Kushuka kituo kimoja kabla, siku tatu kwa wiki. Chakula cha usiku akae mezani na wenzake, asisimame jikoni. Mafuta ayapime kwa kijiko, asimimine kutoka kwenye dumu. Soda abaki nayo Jumapili, kwa sababu ukimnyang'anya mtu kila kitu unamrudisha Minnesota. Na amweleze mume. Hilo la mwisho ndilo lililomtoa jasho.

Alimweleza. Mume akaja naye kliniki iliyofuata, akasimama mlangoni kama askari. Nikampima na yeye. 150 kwa 95, na alikuwa hajui.

Desemba alikuwa 95 na nusu. Baada ya sikukuu 96 na nusu. Februari 94. Ameshapanda na kushuka mara mbili tangu arudi, na mara zote mbili alikuja kuchukua dawa. Presha mara ya mwisho ilikuwa 138 kwa 86.

Wiki iliyopita alinipigia simu akitokea kwenye shughuli ya familia. Wifi alikuwepo, na swali likaulizwa tena, kwa sauti ileile. Safari hii akajibu, "Presha, wifi. Ilikuwa 176, daktari kaniambia nipunguze. Wewe yako umeijua?" Anasema ukumbi mzima ulikaa kimya.

Wifi anakuja Jumanne. Nimeshamwandikia namba.